Uzuri wa Mkakasi

Wapo wanaomcheka mtu anayesoma wavuti kutoka ndani ya programu ya kuandikia matini. Humuona kama aliyeikataa meli ya moshi akapanda mtepe: hana rangi, hana vitufe vya kumetameta, hana filamu zinazoanza kucheza kabla hazijaombwa. Ana maandishi tu, mstari chini ya mstari. Kicheko hicho kinafaa kujibiwa, khasa mbele ya wapenzi wa mashairi, kwa sababu kinachochekwa si ukongwe wa chombo bali ni maandishi yenyewe.

Chombo chenyewe ni Emacs. Kilianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1976, na toleo lake la GNU, kazi ya Richard Stallman, likatolewa mwaka 1985. Tokea toleo la 24.4, la mwaka 2014, imo ndani yake programu ndogo iitwayo EWW, inayofungua kurasa za wavuti. Mfasiri huandika anwani, na ukurasa ukafunguka ubavuni mwa faili anayoiandika. Amri anayotumia kutafuta neno katika rasimu yake ndiyo hiyo hiyo anayotumia kulitafuta katika ukurasa wa mtu wa mbali. Akiutaka ubeti, huunakili akauweka juu ya tafsiri yake na kuupima neno kwa neno.

Mwenye kuuita mwenendo huu kurudi nyuma hajui wavuti ilikotoka. Kivinjari cha kwanza, alichokiandika Tim Berners-Lee katika CERN, Geneva, mwaka 1990, kilikuwa cha kusomea na kuandikia kwa pamoja. Mosaic, iliyotoka mwaka 1993 na kuipeleka wavuti kwa umma, ilikuwa ya kusomea. Tangu hapo msomaji akazoezwa kukaa kitako kama mtazamaji wa senema.

Upwani pia kusoma hakukuwa kutazama. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu, na kazi za mkono wake zimo hata leo katika maktaba ya SOAS, London. Tenzi zilifika mbali kwa sababu aliyezisoma aliweza kuzinakili. Maandishi yasiyonakilika hufa na karatasi yake.

Ni kweli kwamba EWW haiendeshi JavaScript, na ukurasa uliojengwa wote kwa JavaScript huja mtupu. Huduma ya benki au ramani inayosogea ina udhuru wake. Shairi halina. Shairi la beti kumi, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, halihitaji zaidi ya herufi na mahali pa kukatia mstari. Tovuti inayoshindwa kumfikishia msomaji hayo mawili mpaka kwanza aendeshe programu asizoziomba imeshindwa na kazi yake, hata ikisifiwa kwa sura.

Kosa kubwa zaidi ni la wanaochapisha shairi kama picha: beti zimeandikwa juu ya machweo ya jua au tanga la jahazi, kisha zikatolewa kama picha moja. Emacs ikiwa katika dirisha la michoro, EWW huionesha picha hiyo. Lakini picha ya neno si neno. Halitafutiki, halinakiliki, na asiyeona hasomewi chochote isipokuwa maelezo aliyoyaweka mchapishaji, kama aliyaweka. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta asiyeona, alitoa Emacspeak mwaka 1995 ili Emacs izungumze, na kwa njia hiyo mtu husomewa kurasa za wavuti kwa sauti. Mbele ya shairi lililochapishwa kama picha, sauti hiyo hukosa la kusoma. Ushairi ambao kwa karne nyingi uliishi kwa sikio umefungiwa mlango wa sikio, na aliyeufunga anajiita mpenzi wa ushairi.

Itasemwa kwamba siku hizi zipo programu zinazotambua herufi ndani ya picha. Zipo, nazo hukisia. Katika tangazo la mnada kosa la herufi moja husameheka. Katika shairi, ikisomwa “tanga” pahala pa “tango”, kina kimekwisha kuvunjika, na atakayenakili atalirithisha kosa hilo kwa jina la mtunzi.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hakuna anayekataza mapambo. Rangi na michoro iwepo kwa mwenye kuitaka, lakini chini yake yawepo maandishi yanayosimama peke yao. Kipimo chake hakina gharama. Kila mhariri wa mashairi, kabla hajautangaza ukurasa, aufungue kwa EWW. Akiziona beti zote, zimekatwa pale alipozikata mtunzi, amechapisha shairi. Akiuona ukurasa mtupu, asimlaumu msomaji kwa chombo alichokichagua. Aurudie ukurasa wake.