Saa 24 za Raia

Haki ya raia hupimwa kwa saa. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja lilibadili Katiba ya Kenya: mshukiwa wa kosa lenye adhabu ya kifo akaweza kushikwa na polisi siku 14 kabla ya kufikishwa mahakamani. Marekebisho yayo hayo yaliwanyang'anya majaji hakikisho la kudumu kazini, hata likarudishwa mwaka 1990. Wananchi hawakuulizwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita au, saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, siku ya mahakama inayofuata. Nacho kifungu cha 255 chataka kura ya maoni kabla ya sura ya haki kubadilishwa.

Lakini maandishi hayaendi kituoni usiku. Jirani akikamatwa, nani atahesabu saa? Sisi tukeshao kwa maombi na tukeshe pia mlangoni pa kituo, tuulize kwa upole na uthabiti: amekamatwa lini, kwa kosa gani, atafikishwa mahakamani lini? Haki ikilala, dhuluma huamka.