Gari Linaendeshwa na Hesabu

KONA YA JUMATANO
Na Tatu Mwinjuma

Wiki iliyopita, saa kumi na mbili jioni, daladala niliyopanda Kariakoo, Dar es Salaam, kwenda Mbagala ilikatisha ruti. Nauli tumeshatoa, konda anatangaza kwamba gari linageuzia hapo hapo. Mama aliyekaa mbele yangu, mtoto mapajani na furushi la mitumba miguuni, akasema kwa sauti ya kuchoka: "Hawa watu hawana utu." Gari zima tukaitikia. Tukashuka.

Nami niliitikia. Lakini nikiwa pale kituoni nikaona gari la pili linageuza, kisha la tatu. Madereva watatu, waliolelewa nyumba tatu tofauti, mchezo mmoja. Hapo ile lawama ya utu ilianza kuchechemea.

Kinachowaunganisha ni hesabu. Wapo abiria wanaodhani dereva wa daladala anapokea mshahara. Madereva wengi hawapokei. Tajiri, yaani mwenye gari, analikabidhi alfajiri, usiku anataka pesa yake kamili, ndiyo hesabu, liwe limejaza au limeshinda kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Mafuta juu ya dereva, mpiga debe juu yake, trafiki juu yake. Kinachosalia ndicho anachogawana na konda. Na kijiweni yupo deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, anayengoja usukani huo huo.

Ukishalijua hilo, vituko vyote vinasomeka. Dereva anamkimbiza mwenzake kwa sababu anayetangulia kituoni ndiye anayezoa abiria. Mchana anaganda kituoni mpaka siti ya mwisho ijae. Jioni anakatisha ruti kwa sababu abiria wamejazana mjini, si mwisho wa njia. Mwanafunzi anasukumwa mlangoni kwa sababu nauli yake haifiki nusu ya nauli ya mtu mzima, na tajiri hapokei nusu hesabu.

Sasa tia faini humo. Trafiki kasimamisha gari, kaandika 30,000. Kwenye karatasi hiyo ni adhabu ya mwendo mkali. Ndani ya gari, hesabu ya leo imepanda. Itarudi vipi kabla ya usiku? Kwa trip mbili zaidi. Na trip mbili zaidi zinapatikanaje ndani ya saa zilezile? Unajua mwenyewe. Tumemnywesha mgonjwa kile kile kinachomuumiza.

Mmarekani Donella Meadows, aliyefariki mwaka 2001, aliisoma mifumo ya namna hii kwa miaka mingi. Mwaka 1999 aliandika insha iliyopanga sehemu 12 za kushika mtu anapotaka kuugeuza mfumo, tangu dhaifu hadi zenye nguvu. Mkiani aliweka tarakimu, yaani viwango kama vya kodi na ruzuku. Faini yetu ingekaa humo. Kanuni za mchezo, na lengo ambalo mfumo unalitumikia, aliziweka juu zaidi. Sisi miaka yote tumeng'ang'ania mkia.

Si kwamba hatukuambiwa. Aprili na Mei 2015 madereva waligoma nchini, abiria wakakwama kituo cha mabasi cha Ubungo. Serikali ilitaka warudi darasani kila wanapohuisha leseni. Wao walidai mikataba ya ajira. Serikali iliona tatizo liko kichwani mwa dereva, dereva akaonyesha kwamba liko mfukoni. Wengi wetu tuliwaita wakorofi. Kwa maoni yangu, mwaka ule waliouelewa mfumo ni wao.

Hata hivyo sitauza mkataba kama mwarobaini. Kule Santiago, mji mkuu wa Chile, mabasi ya zamani ya njano yalimlipa dereva kwa kichwa, na yalikimbizana kama yetu. Februari 2007 utaratibu huo ukafutwa kwa mkupuo, ukaja mpango wa Transantiago. Kampuni zikahakikishiwa mapato hata kama abiria ni wachache. Matokeo yake, mabasi yakawa haba, mengine yakawapita watu vituoni, maana dereva asiye na shida na kichwa chako ana sababu gani ya kukanyaga breki? Watu wakafurika kwenye treni za chini ya ardhi, na Rais Michelle Bachelet akaomba radhi hadharani. Watafiti waliolinganisha malipo ya aina mbili katika jiji hilo walikuta kwamba abiria wa dereva wa mshahara anasubiri muda mrefu zaidi, na dereva anayelipwa kwa kichwa anapata ajali asilimia 67 zaidi kwa kila kilomita.

Kumbe mbio tunazozitukana zina kazi yake. Ndizo zinazotuletea gari saa nne usiku. Anayeziondoa sharti aweke kitu kingine cha kumleta dereva kituoni: mshahara wa kumwondolea roho juu, na juu yake nyongeza ndogo kwa abiria aliowafikisha mwisho wa njia.

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inapotoa leseni ya njia, imtake tajiri aonyeshe jinsi dereva wake anavyolipwa, kisha imuulize dereva mwenyewe, tena bila tajiri kuwepo, kwa sababu karatasi ya mkataba kila mtu anaweza kuichapisha. Na faini ya kukatisha ruti ibaki kwa mwenye leseni, isiteremshwe kwenye usukani. Apangaye hesabu ndiye aumie nayo.

Ukipanda kesho, kabla hujamtukana konda, muulize hesabu imefikia wapi. Mimi nilimuuliza wa gari lililonifikisha nyumbani. Alinitazama kama mtu aliyetumwa na tajiri, kisha akacheka.

"Bado elfu arobaini, dada."

Ilikuwa saa mbili na nusu usiku.