Kushona Upya Si Dhambi, Kuficha Uzi Ndiyo Dhambi: Wadruidi wa Leo na Sisi

Ukitaja Wadruidi mbele ya watu waliosoma, wengi wanacheka. Eti ni Wazungu waliochoka na kanisa, wanavaa kanzu nyeupe na kungojea jua kwenye mawe ya Stonehenge mwezi wa sita. Wahubiri wengine hawacheki, wao wanasema ni mashetani, na maneno yanaishia hapo. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinakosa. Mambo ya Wadruidi yanatuhusu kuliko tunavyofikiri, kwa maana swali lao ndilo swali letu: mtu ambaye mapokeo ya mababu zake yalikatika, anaweza kuyafuata leo bila kusema uongo?

Tuanze na historia. Wadruidi wa zamani walikuwa wenye hekima wa Waselti. Julius Caesar, aliyepigana vita Gallia tangu mwaka wa 58 mbele ya Kristo, anaandika kwamba walikata mashauri, walisimamia sadaka, hawakulipa kodi, na mwanafunzi wao aliweza kukaa miaka 20 akishika mashairi kwa kichwa. Kuyaandika mafundisho hayo kulikatazwa. Caesar huyohuyo anagawanya Gallia sehemu tatu, na sehemu moja ni ya Wabelgae, ambao Ubelgiji umechukua jina lao. Tunasema hili makusudi. Wale waliokuja kututukania mizimu yetu na kukataza Bwami ya Warega, kumbe kwao pia palikuwa na misitu ya ibada, nayo ilivunjwa na mgeni mwenye silaha. Tacitus anaeleza namna askari wa Roma, karibu mwaka wa 60, walivyoingia kisiwa cha Mona, kinachoitwa leo Anglesey, wakaua watu na kukata miti mitakatifu.

Nyuma ya hayo kulibaki nini? Karibu bure. Hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa na Mdruidi wa kale kwa mkono wake. Yaliyobaki ni maneno ya Waroma na Wagiriki, na wengi wao walikuwa maadui au watu waliosikia kwa mbali. Fikiri, msomaji, kama wajukuu wetu wangeachiwa ripoti za maadministrateri wa kikoloni peke yake. Wangejua nini juu ya babu na bibi yao?

Katika tundu hilo ndimo uongo uliingia. Mtu mmoja wa Wales, Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, alikusanya watu mwaka wa 1792 juu ya kilima cha Primrose Hill, London, akafanya sherehe aliyosema imetoka kwa Wadruidi wa kale. Ni yeye aliyeitunga. Alitunga na maandiko mengi akayaita ya zamani, na wasomi walitumika zaidi ya miaka mia moja kutenganisha ya kweli na ya kwake. Tusimdharau kabisa: alipenda lugha yake iliyokuwa inadharauliwa, na sherehe yake iliingia mwaka wa 1819 katika Eisteddfod, mashindano makubwa ya mashairi na nyimbo ya Wales, na ingaliko. Lakini hakuwaambia watu ukweli, na mpaka leo adui wa Wadruidi anamtumia yeye kuwapiga.

Sasa angalia Wadruidi wa siku hizi. Mwaka wa 1964 Ross Nichols alianzisha Uingereza chama cha Order of Bards, Ovates and Druids, chenye ngazi tatu za kujifunza. Wafuasi wengi wa njia hii hawana kelele. Wanafanya ibada yao peke yao: kukaa kimya chini ya mti wanaoujua, kujifunza majina ya miti na ndege wa fasi wanapoishi, kutunga mashairi, kufuata mwaka kwa sikukuu nane. Moja ni Samhain, mwisho wa mwezi wa kumi, ambapo wanakumbuka wafu wao. Wengine kati yao ni Wakristo na hawajaacha kanisa. Mwaka wa 2010 tume ya serikali inayosimamia mashirika ya hisani England na Wales ilikubali The Druid Network kuwa shirika linaloendeleza dini. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2011 ilikuta huko watu zaidi ya 4000 waliojiandika Wadruidi. Ni wachache, lakini haiko mchezo wa watoto.

Linalotugusa zaidi ni hili. Mwanahistoria Ronald Hutton ameandika vitabu vinavyoonyesha wazi ni wapi mapokeo hayo yalishonwa upya, na nani alishika sindano. Je, walimfukuza? Hapana. Wengi wanamsoma na kumheshimu. Wanakubali kwamba mawe makubwa ya Stonehenge yalisimamishwa zaidi ya miaka 2000 mbele ya Caesar, na kwamba zile sikukuu nane zilipangwa pamoja katika karne ya 20 tu. Wanasema: tunajua ni mpya, na tunazifuata kwa sababu zinatusaidia kuishi. Mtu anayesema hivyo hadanganyi mtu yeyote. Yeye si Mdruidi wa kale na hajifanyi. Amejichagulia babu wa kumfuata, na anaonyesha uzi aliotumia.

Na sisi je? Mwaka wa 1972 serikali ilitunyang'anya majina ya ubatizo kwa amri, ikasema ni kurudia uhalisi wa mababu. Baba zetu walivaa abacost, koti lililobuniwa na utawala uleule, likaitwa vazi letu. Babu gani alivaa abacost? Siasa ile imekwisha, lakini ugonjwa wake tungali nao. Mgeni mkubwa akija, kikundi kinapanga ngoma kwa juma moja, na mtangazaji anashika mikro: "Hii ni ngoma ya tangu enzi za wahenga!" Kila mtu pale anajua, na kila mtu anapiga makofi. Huyo mtangazaji ni Iolo Morganwg wa kwetu. Halafu tunashangaa kwa nini vijana hawaamini lolote tunalowaambia juu ya mila.

Wengine watasema: mila haiko ya karatasi, ni ya mdomo, na tena iko na siri zake. Tunaheshimu siri. Mzee aliyeapa anyamaze, huyo ni haki yake. Lakini majina ya miti ya dawa, methali, hadithi, namna ya kulilia maiti, hayo ni siri ya nani? Wadruidi walikuwa na sababu nzuri ya kukataa maandishi wakati shule yao ilipokuwa hai. Shule ilipovunjwa, sababu ile haikuokoa kitu. Sisi Mungu ametujalia zaidi. Mwaka wa 1956 Shekarisi Rureke, Mnyanga wa Kivu, alisimulia hadithi ya Mwindo, ikaandikwa, na mwaka wa 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu. Kule Uingereza wangetoa mali gani kupata usimulizi kama huo kutoka kwa mdomo wa Mdruidi mmoja wa kweli!

Kwa wahubiri tunajibu kwa kifupi. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa Roma mwaka wa 1988, inawaita mababu wema pamoja na watakatifu. Na tarehe 1 mwezi wa nane, sikukuu ya wazazi, Wakongo wa kila dini wanasafisha makaburi asubuhi, na nyuma yake wanasherehekea wazazi walio hai. Nani atawaambia wote hao kwamba wamemwabudu shetani?

Basi tunaomba mambo mawili, na tunayaomba kwanza kwa chama chetu wenyewe. Kila sherehe na kila maandishi yetu yaseme wazi: hili tulilipokea kwa mzee fulani wa kijiji fulani, hili tulilisoma kitabuni, hili tumeliongeza sisi. Hakuna haya katika kuongeza, mababu wenyewe waliongeza. La pili, likizo kubwa ikifika, kila mwalimu atume wanafunzi wake kwa wazee na daftari na kalamu, wakiandika katika lugha ya mzee mwenyewe. Waselti wa leo hawana tena mzee wa kuuliza. Sisi tuko nao, wamekaa barazani, na kila mwaka wanapunguka.