Jirani Anapohesabu Kura

Nchini Mexico, anayekukabidhi karatasi ya kura si mwajiriwa wa serikali. Ni jirani yako aliyeangukiwa na droo. Tume ya uchaguzi huchomoa mwezi mmoja wa kalenda na kuuongeza unaoufuata, kisha katika kila eneo huteua asilimia 13 ya wapiga kura walioandikishwa, ikianza na waliozaliwa miezi hiyo. Baadaye huchomolewa herufi inayoamua orodha ianzie jina gani la ukoo. Viongozi wa vyama hawaruhusiwi. Ndivyo mshona nguo anavyoweza kujikuta mwenyekiti wa kituo, akifungua sanduku jioni, akisimamia kura zikihesabiwa kwa mkono mbele ya mawakala, kisha akibandika matokeo nje ili mtaa mzima usome. Waliopitia uchaguzi wa 1988, wizara ya mambo ya ndani ilipousimamia na kompyuta za matokeo zikadaiwa kukwama, wanajua kwa nini hili ni jambo kubwa. Wizi wa kura unataka watu waliopangwa mapema, na droo inaivuruga mipango hiyo. Sijaona kinga bora kuliko hiyo. Najua wengi wanaoteuliwa hukataa, na nafasi za wasiofika siku ya kura huweza kujazwa asubuhi kwa watu waliomo foleni. Wavivu siwatetei. Lakini wapo wanaokataa kwa kuogopa magenge, na hao siwezi kuwalaumu: dola inayomwita raia alinde kura za wenzake inawajibika kumlinda yeye hadi afike kwake salama.