Vijana na Ramani ya Anga

Siku hizi si ajabu tena kumwona kijana amesimama kando ya shamba, kidude cha kuongozea mkononi, macho ameyaelekeza juu, na ndege ndogo isiyo na rubani ikivuma juu ya mimea. Wananchi, ambao hawakosi kamwe jina la kukipa kitu kipya, wameiita ndege nyuki. Wengine huitazama kama mchezo wa watoto wa mjini au chombo cha kupigia picha za harusi. Sisi twaona kwamba hiyo ni kazi, tena kazi yenye heshima, na kama ilivyo kila kazi yenye heshima, haifai kuingiwa kwa ujinga.

Manufaa yake hayahitaji kuhubiriwa. Jirani zetu wa Rwanda walianza katika mwaka 2016 kupeleka damu kwa ndege za namna hii kwenye hospitali zilizo mbali. Mwaka huo huo, huko Zanzibar, kazi ilianza ya kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani ili vitengenezewe ramani mpya, na katika kazi hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishirikiana na Tume ya Ardhi. Mwaka 2018 ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe kuvuka maji ya Ziwa Victoria, safari ya kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwenye kuijua njia ya barabara na kivuko ataelewa maana ya dakika 40 kwa mgonjwa anayeingoja dawa.

Lakini anga si shamba lisilo na mwenyewe. Humo hupita ndege za abiria, ndege za jeshi na ndege za madaktari. Ndiyo maana kazi hii ina kanuni, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo itoayo vibali. Na katika mafunzo ya cheti cha urushaji liko somo moja ambalo vijana wengi hulikimbia: kusoma latitudo na longitudo katika ramani ya anga. Leo twataka kusema juu ya somo hilo, maana twaamini kwamba ndilo limtengalo fundi na mbahatishaji.

Jambo lenyewe si gumu. Latitudo ni mistari ilalayo kutoka magharibi hata mashariki, nayo yaonyesha mahali pako umbali gani kusini au kaskazini ya Ikweta. Longitudo ni mistari isimamayo kutoka ncha moja ya dunia hata nyingine, nayo yaonyesha mahali pako umbali gani mashariki au magharibi ya mstari upitao Greenwich, Uingereza. Kila digrii moja imegawanywa katika dakika 60. Dakika hizi si za saa ya ukutani, bali ni vipande vya digrii. Katika ramani za anga zitumiwazo sana kwa mafunzo, mistari huchorwa kila baada ya dakika 30, na juu ya mistari hiyo vimo vialama vidogo, kila kimoja dakika moja. Mwanafunzi huanza penye mstari ulioandikwa namba, kisha huhesabu vialama hadi mahali apatakapo. Basi, ni hayo tu.

Ugumu waanzia mahali pengine. Kijana wetu atafutaye masomo haya ataona kwamba vitabu na mafundisho mengi yapatikanayo kwa urahisi yatoka Marekani. Wenzetu wa huko wana mtihani wao tangu Agosti 2016, wenye maswali 60, na mtu hufaulu akipata asilimia 70, yaani maswali 42. Hatuna ubaya na mafundisho yao. Elimu haina mipaka. Lakini Marekani iko kaskazini ya Ikweta na magharibi ya Greenwich. Katika ramani yao latitudo huongezeka unapopanda juu ya karatasi, na longitudo huongezeka unapokwenda mkono wa kushoto. Nchi yetu yote iko kusini ya Ikweta na mashariki ya Greenwich. Kwetu latitudo huongezeka unapoteremka, na longitudo huongezeka unapokwenda mkono wa kulia. Mambo yote mawili yamegeuka. Aliyeelewa hatapata shida, lakini aliyekariri atasoma kinyumenyume, na ubaya wake ni kwamba hatajua kama amekosea.

Tutoe mfano ambao kila msomaji aweza kuupima mwenyewe. Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kiko latitudo digrii 6 na dakika 52 kusini, na longitudo digrii 39 na dakika 12 mashariki. Mwanafunzi mwangalifu ataanza penye mstari wa digrii 6 na dakika 30, na kuteremka vialama 22. Yule aliyekariri somo la ugenini atapanda vialama 22. Atakuwa amefika digrii 6 na dakika 8, yaani upande wa mji wa Zanzibar, ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 80 kutoka mahali alipokusudia! Mtu wa namna hiyo aweza kuamini kwa moyo safi kwamba yuko mbali na njia ya ndege za abiria, kumbe amesimama chini yake.

Liko kosa la pili, nalo ni la hila zaidi. Ramani huandika digrii na dakika, lakini vyombo vingi vya kurushia, pamoja na simu zetu, huandika digrii na desimali. Kijana huona "6, dakika 52", naye huandika katika chombo chake 6.52. Kwa jicho ni kitu kimoja, lakini kwa hesabu sivyo hata kidogo. Dakika 52 ni lazima zigawanywe kwa 60, na jibu lake ni 0.8667, kwa hiyo mahali pale ni 6.8667. Aliyeandika 6.52 amekipeleka chombo penye dakika 31, na kosa lake ni kilomita 38 na zaidi. Hesabu hii ya kugawanya yafundishwa katika shule ya msingi. Hakuna aliyekosa akili ya kuiweza; walioikosa ni wale walioambiwa kwamba haina haja.

Na tazama faida aipatayo mwenye kuelewa. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani meta 1,852. Kiwanja cha ndege cha Zanzibar kiko digrii 6 na dakika 13 kusini, na longitudo yake yakaribia sana kuwa moja na ile ya kiwanja cha Dar es Salaam. Toa 13 katika 52, wapata 39. Basi kutoka kiwanja hadi kiwanja ni maili 39 za baharini, kilomita 72 hivi, nawe umeipata hesabu hiyo bila rula wala mashine. Ila kipimo hiki ni cha latitudo. Dakika za longitudo husongamana kadiri mtu aiachapo Ikweta na kuzielekea ncha za dunia. Kwetu tofauti ni ndogo, lakini penye digrii 60 dakika ya longitudo ni nusu tu ya ile ya Ikweta.

Mtu mmoja aweza kutuuliza: "Ya nini taabu hii yote, na hali chombo chenyewe chajua kilipo?" Swali hili twalisikia mara nyingi, na yafaa lijibiwe. Ni kweli, chombo chajua kilipo. Lakini hakijui kama chafaa kuwepo hapo. Matangazo ya anga yasemapo kwamba eneo fulani limefungwa, hayasemi "karibu na kwa fulani, ukipita mwembe". Hutaja latitudo na longitudo, na umbali wa kuzunguka pande zote. Asiyeweza kuisoma namba ile na kuipata katika ramani ni sawa na mtu aliyepelekewa barua asiyoweza kuisoma. Tena, chombo ni mtumwa. Ukikiandikia namba yenye kosa, hakitauliza, kitakwenda. Na siku mawasiliano ya setilaiti yatakapopotea, atakayebaki na akili zake ni yule ajuaye ramani.

Herufi nazo zisidharauliwe. Kwa kuwa kwetu kila mahali ni kusini, wengine huona hakuna haja ya kuandika "kusini". Na wavuke kidogo tu. Kiwanja cha Kisumu kiko dakika 5 kusini ya Ikweta, na kile cha Entebbe kiko dakika 2 kaskazini yake. Katika Ziwa Victoria, ambalo ni letu pamoja na ndugu zetu wa Kenya na Uganda, herufi moja iliyosahauliwa yatosha kukifanya kisiwa kiwe mahali kisipokuwapo.

Wananchi wa nchi hii hawana haja ya kuambiwa kwamba mistari hii si mapambo ya vitabu. Mnamo Oktoba 1884 wakubwa wa dunia walikutana Washington, wakaamua mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabu longitudo. Mwezi uliofuata mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin kuzungumza juu ya Afrika. Na mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu, waliupitisha mpaka katika Ziwa Victoria na magharibi yake kwa kuufuata mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini. Waliokuwa wakiishi pale hawakuulizwa. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mpaka ule, naye akadai kwamba nchi yetu iliyo baina yake na Mto Kagera ni ya kwake. Wazee wetu wengi wanaikumbuka gharama ya kumrudisha. Wakati ule wa mababu, waliojua kusoma mistari walikuwa wageni, na wenyeji walikuwa wakichorewa. Leo ramani za mashamba, vijiji na mito yetu zachorwa upya kutoka angani. Swali ni moja: je, tutakuwa wachoraji, au wenye kuchorewa tena?

Kwa hiyo twayo machache ya kusema kwa kila upande.

Kwa vijana: msiridhike na cheti cha kukariri. Yako majibu yauzwayo mitaani kwa kila mtihani, na hapana shaka hata kwa huu yatapatikana. Cheti cha namna hiyo kitakupa kazi kwa mwezi mmoja, kisha siku moja kitakufikisha mahakamani, au kitamfikisha mwenzio kaburini. Jifunzeni kwa ramani ya nchi yenu. Itafuteni Mwanza penye digrii 2 na dakika 31, na Dodoma penye digrii 6 na dakika 10, mpaka vidole vyenu vizoee kuteremka na kwenda kulia.

Kwa wenye vyuo: msifundishe anga ya watu wengine peke yake. Mwanafunzi na aonyeshwe ramani ya Marekani, lakini aanze na ya kwao. Na kwa wenye madaraka juu ya elimu na lugha: twaomba kitabu kidogo cha bei nafuu, kwa Kiswahili safi, kieleezacho mambo haya kwa mifano ya hapa. Lugha iliyoweza kufundisha kusoma na kuandika nchi nzima, tangu mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, haiwezi kushindwa na digrii na dakika.

Kwa vyama vya ushirika na waajiri: msimwajiri mtu kwa kutazama karatasi yake tu. Mpeni ramani, mwambieni awaonyeshe mahali mlipo. Akiweza, mlipeni ujira wa fundi, si wa kibarua. Na wakulima wa pamba au kahawa ambao mmoja mmoja hawawezi kununua chombo hiki, waweza kukinunua pamoja, na kumsomesha kijana wao wenyewe akiongoze.

Jambo la mwisho halihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu. Kila shule ya msingi iandike ukutani, kwa rangi isiyofutika, latitudo na longitudo ya mahali ilipojengwa. Matawi ya Chama nayo yafanye vivyo hivyo. Mtoto apitaye hapo kila asubuhi atauliza maana ya namba zile, na mwalimu atamjibu. Miaka 10 baadaye, mtoto yule atakaposhika kidude cha kuongozea ndege na kufunua ramani, hatakuwa akianza somo geni. Atakuwa akitafuta nyumbani kwao, na atapaona.