Asibatizwe kwa Ajili ya Harusi



Yule tajiri wa Injili ya Marko, sura ya 10, alimwendea Bwana mbio na akaondoka kwa huzuni. Mwinjili anatuambia kwamba Yesu alimtazama akampenda. Kisha akamwacha aende zake. Hakumtuma Petro amrudishe, wala hakuwaita wazazi wake wamweke kikao.

Sisi tunaweka vikao. Hapa Pongwe tunaishi mchanganyiko tangu enzi za manamba, mashamba ya mkonge yalipowaleta babu zetu kutoka kila upande wa nchi na nje yake, wa dini zote. Vijana wetu wanasoma pamoja, wanafanya kazi pamoja kiwandani na sokoni, wanapendana. Siku ya posa ndipo neno linapotoka: abadili kwanza, ndipo tuzungumze mahari. Binti anapelekwa parokiani na shangazi wa mchumba wake, amefunzwa cha kujibu, na harusi ni mwezi ujao. Anaomba ubatizo, lakini macho yake yako kwa shangazi.

Usidhani jambo hili ni dogo. Ulaya ililimwagia damu. Mwaka 1555, kule Augsburg, watawala wa Kijerumani walikubaliana kwamba dini ya mtawala ndiyo iwe dini ya nchi yake. Raia asiyeridhika ahame. Amani hiyo haikudumu: kuanzia 1618 hadi 1648 walichinjana, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wote wakilitaja jina la Kristo. Ufaransa iliwapa Waprotestanti wake nafasi ya kuabudu mwaka 1598, na mwaka 1685 mfalme Louis XIV akaiondoa. Wengi wakakimbia nchi yao. Haki ya mtu mmoja mmoja kuamini kadiri ya dhamiri yake ikaja kudaiwa kwa sauti kubwa na watu ambao wengine walikuwa maadui wa Kanisa, na pengine ndiyo maana viongozi wetu walichelewa kuisikia.

Mtazame Papa Gregori XVI. Mwaka 1839 alilaani biashara ya watumwa kwa maneno makali. Lakini miaka saba kabla yake, mwaka 1832, Papa huyo huyo aliuandikia ulimwengu kwamba uhuru wa dhamiri kwa kila mtu ni wazimu. Aliona mnyororo wa shingoni. Ule wa dhamiri hakuuona.

Pwani yetu iliyaonja yote mawili. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakiwalipia fedha. Ni kazi ya huruma ambayo hatuna budi kuiheshimu. Lakini mtoto aliyekombolewa alijikuta katika kijiji ambamo kengele ya misheni ilipanga saa ya kuamka, ya kusali na ya kulima, na dini ilikuwa sehemu ya ukombozi wake, hakuna aliyemuuliza. Wengine walikua wakawa waamini hodari. Wengine walitoroka. Mimi siwahukumu waliotoroka.

Kanisa lilifika mahali pa kusema wazi tarehe 7 Desemba 1965. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipigia kura Tamko juu ya Uhuru wa Dini: 2,308 walikubali, 70 walikataa. Tamko linafundisha kwamba haki hii imesimama juu ya hadhi ya mtu aliyeumbwa na Mungu, kwa hiyo hata anayekosea haipotezi. Leo kanuni ya 748 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kumshurutisha mwingine kuipokea imani Katoliki. Katiba ya nchi yetu nayo, ibara ya 19, inalinda uhuru huo, na majirani zetu Waislamu wanalo fundisho kama hilo katika sura ya pili ya Kurani.

Najua utaniuliza: Padre, sasa dini zote ni sawa? Hapana. Ninahubiri Kristo kwa sababu ninaamini ndiye Njia, na ningefurahi Pongwe nzima impokee. Lakini anayebatizwa kwa kumwogopa mama mkwe amempokea mama mkwe.

Utaniuliza tena: mbona wao wanawabadili mabinti zetu? Ni kweli, hutokea, na anayelazimishwa anaonewa, awe wa kwetu au wa kwao. Ila huwezi kumlilia binti yako Jumatatu na Jumanne ukamfanyia hivyo hivyo mchumba wa mwanao. Na yule binti aliyeondoka kwa hiari yake, akaitwa jina jingine? Nimesikia wazazi wakisema hata wakifiwa asikanyage. Huyo bado ni mwanao. Mpigie simu, muulizie watoto, mwombee rozari bila kumtangaza kwenye jumuiya.

Kwa wanaojiandaa kuoana, mfahamu kwamba Kanisa halidai mchumba asiye Mkristo abatizwe ndipo ndoa ifungwe. Kipo kibali cha Askofu kwa ndoa ya namna hiyo. Aliye Mkatoliki anaahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa ahadi hiyo, haapishwi chochote. Na akitaka ubatizo kwa moyo wake mwenyewe, aanze mafundisho ya ukatekumeni kama wenzake wote, bila kukimbizwa na tarehe ya ukumbi. Njooni mapema kwa paroko wenu, wachumba wawili tu. Shangazi atasubiri nje.