Mjamzito wa Lusahunga hakuchagua sahani yake

Mijadala ya lishe inayotufikia kutoka Ulaya na Marekani huuliza: je, mjamzito aweza kuishi bila nyama, samaki, mayai wala maziwa? Wataalamu wengi hujibu kwamba aweza, mradi mlo wake upangwe kwa makini na vitamini B12, ambayo mimea haina, aipate kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezwa virutubishi. Swali hilo ni halali, ila limebeba dhana iliyojificha: kwamba mama ndiye aliyechagua.

Tuitazame Lusahunga, wilayani Biharamulo. Malori ya kwenda Rusumo hupita na shehena, na dagaa wa Ziwa Viktoria hawatoki mbali. Hata hivyo, mjamzito wa kaya maskini hula ugali au ndizi, maharage na kisamvu, leo kama jana. Hali hivyo kwa itikadi. Kuku na mayai huuzwa ili sabuni na madaftari yapatikane. Mila nayo ina sehemu yake: miongoni mwa Wahaya wa mkoa huuhuu wa Kagera, mwanamke alikusanya senene, lakini desturi ikamkataza kuwala.

Matokeo huonekana kwenye damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito nchini wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinahusika, lakini sahani pia inahusika. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza shida hiyo, ilhali chungwa au papai huipunguza.

Serikali imeziagiza halmashauri zitenge shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Ni hatua njema. Hata hivyo, kipimo hicho humhesabu mtoto akishazaliwa, ilhali udumavu mara nyingi huanzia tumboni.

Hoja yangu ni hii: wajawazito nao wahesabiwe katika bajeti hiyo; vidonge vya madini ya chuma na foliki visikosekane katika zahanati; na elimu ya lishe iwafikie waume, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huamua kuku yupi auzwe. Ewe mtumishi wa umma, nawe mwanafunzi, ulizeni katika halmashauri zenu: mwaka huu mjamzito ametengewa kiasi gani?